Kromosomu moja zaidi, wala si laana

MTOTO anapozaliwa na hali ya Down, minong'ono huanza. Wapo wanaotaja laana, na wapo wanaomnyooshea mama kidole. Ilhali jibu limo katika damu ya mtoto mwenyewe.

Seli ya binadamu kwa kawaida huwa na kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ili kuzikagua, wataalamu hukuza chembe nyeupe za damu maabarani kwa siku kadhaa, kisha huzisimamisha zikiwa katikati ya kugawanyika, kwani ndipo kromosomu hujikunja zikaonekana wazi kwa hadubini. Hutiwa rangi, zikapigwa picha na kupangwa jozi kwa jozi, kubwa zikitangulia. Mpangilio huo huitwa kariotipu.

Kuzihesabu hakukuwa rahisi. Kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi walishikilia kuwa ni 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipothibitisha 46 nchini Uswidi, mwaka wa 1956. Miaka mitatu baadaye, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Ufaransa walitangaza kwamba wenye hali ya Down wana 47: kromosomu nambari 21 ni tatu badala ya mbili.

Mara nyingi hitilafu hiyo hutokea yai linapoundwa, jozi ikakosa kutengana. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, lakini hakuna alichotenda kilichoisababisha. Kwa watoto wachache, kromosomu ya ziada huwa imejishikiza kwa nyingine, na huenda imerithiwa kwa mzazi yeyote kati ya hao wawili. Hapo baba naye hupaswa kupimwa.