NENO “DIWANI”: ASILI YAKE NA MAANA ZAKE

Mtu apitaye katika mitaa ya mashariki ya Nairobi atasikia majina ya Mbotela, Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Wakazi huyataja kila siku wapandapo basi, lakini si wengi wakumbukao kwamba hayo ni majina ya watu. Bwana Tom Mbotela na Bwana Ambrose Ofafa walikuwa madiwani katika baraza la Nairobi, na wote wawili waliuawa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Basi yafaa tujiulize: diwani ni nani, na neno lenyewe limetoka wapi?

Asili ya neno hili ni Kiajemi, kisha likaingia katika Kiarabu. Hapo kale diwani hakuwa mtu, bali ilikuwa daftari. Katika karne ya 7, Khalifa Omar bin Al-Khattab aliamuru ifunguliwe diwani, yaani daftari la majina ya askari na malipo yaliyowapasa. Baadaye neno likawa jina la ofisi yenye kutunza madaftari. Na kwa Waturuki likawa baraza la wakuu wa dola. Wahispania nao walilipokea kwa Waarabu, wakaiita forodha “aduana”. Hata washairi wana fungu lao: kitabu kilichokusanya mashairi huitwa diwani mpaka leo.

Katika pwani yetu neno likawa cheo cha mtu. Watawala wa Vumba, karibu na Vanga, waliitwa Madiwani. Katika miji ya Kenya likawa jina la mjumbe wa baraza la mji, hata mwaka 2013, kaunti zilipoanza, mahali pake pakashikwa na Mwakilishi wa Wadi. Katika Tanzania cheo cha diwani kingaliko.

Jina la cheo hubadilika, lakini kazi ni ile ile. Kodi ya nyumba, maji, taka za sokoni: kila jambo lina hesabu yake. Kwa hiyo mkazi wa Kaloleni au Bahati amwulizaye mjumbe wake jinsi fedha za mtaa zilivyotumika hamvunjii heshima. Anaomba aonyeshwe daftari, na daftari ndiyo maana ya kwanza ya neno diwani. Mjumbe mwema hulifungua kabla hajaulizwa.