Paroko Mpya Anapojijulisha kwa Wakristu Wake



Katika somo hili tutaeleza jambo linalozipata parokia zote: padri wa zamani amehamishwa, na padri mpya amefika. Dominika ya kwanza kanisa hujaa kuliko siku nyingine. Wengine wamekuja kusali. Wengine, tusifichane, wamekuja kutazama.

Sisi tulio mapadri twaijua Dominika hiyo. Tulipofika katika parokia moja, tulitaja jina letu, mwaka tuliopewa upadri, na misioni tulizotumikia. Tukadhani tumekwisha kujijulisha. Baada ya Misa mzee mmoja akatufuata nje, akasema: «Padri, jina tumelisikia. Lakini wewe ni mtu wa nani?» Tukafahamu kwamba anauliza kabila letu. Tukamtajia. Akanyamaza, akaenda zake.

Swali lile si baya. Mtu asiye na wenyewe ni nani atakayemwamini? Ila jibu letu ndilo halikutosha. Padri mpya ana maneno matatu ya kuwaambia wakristu wake.

Neno la kwanza: nani amemtuma. Paroko hajichagui mwenyewe, wala parokia haimwajiri kama mfanyakazi. Askofu wa jimbo ndiye anayemteua na kumkabidhi parokia, yeye mwenyewe au kwa mjumbe wake. Mwanzoni mwa kazi hiyo paroko huungama imani ya Kanisa kwa sauti, maana amekuja kufundisha Injili, si mawazo yake. Basi akiulizwa, «Wewe ni mtu wa nani?», ajibu: «Mimi ni mtu wa Kristu, nimetumwa na Askofu, na tangu leo ni mtu wenu.»

Neno la pili: deni lake. Sheria ya Kanisa, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, yaeleza waziwazi mambo anayowiwa na watu wake. Akae katika parokia yake. Mapumziko yake ya mwaka yasipite mwezi mmoja. Kila Dominika na kila sikukuu ya amri atoe Misa kwa ajili ya wakristu aliokabidhiwa. Azitembelee jamaa, ashiriki huzuni zao, awatafute wagonjwa, maskini na waliofukuzwa makwao. Siri ya kitubio asiifunue kamwe. Mali ya parokia asiitunze peke yake, bali awe na baraza la waamini la kumsaidia. Mkristu anayeyajua hayo hataona haya kumwita padri usiku kwa ajili ya mgonjwa anayekaribia kufa. Haombi hisani, anadai haki yake.

Neno la tatu: ombi lake. Padri mgeni hazijui njia za vilimani, wala hajui ni jamaa zipi zimegombana, wala ni mjane yupi amesahauliwa. Anaomba wakatekista na wazee wamfundishe. Anaomba asipimwe kila siku kwa kipimo cha padri aliyemtangulia. Tena anaomba asifungiwe mlango kwa ajili ya kabila lake.

Kwa neno hili la mwisho, Kanisa la Bukavu limetuachia mfano. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mzaliwa wa nchi hiyo, aliuawa mjini Bukavu katika vita. Mwaka 1997 Emmanuel Kataliko, Askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, alitumwa kushika mahali pake. Alikuwa Mnande, akaingia kati ya watu ambao wengi wao ni Bashi. Hakuwa paroko, lakini alikuwa mchungaji mgeni kama wale tunaowasema. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 aliwatetea watu walioonewa. Mwezi wa Februari 2000 waasi waliotawala mji walimzuia kurudi, akakaa Butembo hadi Septemba. Wakristu wa Bukavu hawakumhesabu kuwa mgeni aliyerudishwa kwao. Walidai warudishiwe mchungaji wao. Akarudi, na tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule akafa safarini Italia. Bukavu ikamlilia kama mwana wake.

Na yule mzee wetu? Miezi michache baadaye mkewe aliugua sana. Mjukuu akaja kutuita, na mvua ilikuwa inanyesha. Tulipofika mlangoni kwa Mafuta Matakatifu, mzee aliwaambia waliomo ndani: «Simameni, Padri wetu amefika.» Kabila letu hakulitaja tena.

MAULIZO

Nani anamtuma paroko katika parokia?
Askofu wa jimbo anamtuma, kwa jina la Kristu.

Paroko anawiwa nini na wakristu wake?
Anawiwa Misa, Neno la Mungu, Sakramenti, na kuwa pamoja nao katika taabu zao.

Wakristu wampokeeje padri wa kabila jingine?
Wampokee kama mtu wao, kwa sababu ametumwa kwao.

Azimio: Juma hili tutamtembelea padri wetu, tumjulishe mgonjwa mmoja au maskini mmoja ambaye hajamjua bado.