Chane, Ganda na Kundi

Miongoni mwa maneno yanayowataabisha wafasiri wa maandishi ya kompyuta ni neno "kundi". Huandikwa kwa maana ya klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zikatumika kama moja; huandikwa pia kwa maana ya podi, yaani kontena za programu ambazo sharti zikae katika kompyuta moja. Basi msomaji anayeagizwa "weka kundi katika kundi" ana haki ya kuuliza lipi ni lipi.

Maana yenyewe si ngumu. Katika mfumo wa Kubernetes, uliotangazwa na Google mwaka 2014 (jina hilo ni la Kiyunani, nalo maana yake ni mshika usukani), programu hufungwa ndani ya kontena. Programu inayopokea maombi ya wananchi na ile inayoyawekea kumbukumbu hutegemeana, kwa hiyo hutiwa katika podi moja, zikatumia anwani moja. Lakini nakala za podi hiyo yafaa zitawanywe katika kompyuta mbalimbali, ili moja ikizimika huduma isikatike. Mfasiri akiandika tu kwamba "makundi yakae pamoja", fundi atazirundika nakala zote mahali pamoja, na kompyuta hiyo ikiharibika, ofisi nzima itasimama.

Mkulima wa Hai halioni jambo hili kuwa geni. Katika kihamba chake mlimani kahawa hukaa chini ya kivuli cha migomba. Bali mahindi huyapanda tambarare, upande wa Bomang'ombe. Ukame ukiiunguza tambarare, kihamba huenda bado kikawa na ndizi.

Wako watakaopendelea "ganda" kwa podi, kwa kuwa neno la asili hutajwa pia kwa ganda la njegere. Sisi hatulikubali: kwetu ganda ni kitu cha kutupwa baada ya kula. Tunapendekeza "chane". Ndizi za chane moja zimeshikana kikonyo, hukatwa pamoja na kuchukuliwa pamoja, na kila aliyefika sokoni analijua neno hilo. Tulifikiria pia "mkungu" kwa klasta, tukaliacha, maana mkungu hauongezwi chane baada ya kukatwa, ilhali klasta huongezwa na kupunguzwa kompyuta kila siku. Klasta na ibaki klasta.

Agizo letu la awali sasa litasomeka hivi: "Tia programu hizi mbili katika chane moja, nakala tatu za chane hiyo zitawanywe katika kompyuta tatu za klasta."