Kati ya mlevi na aliyelewa

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea majuzi habari mbili alizozikata gazetini. Ya kwanza ilihusu vijana walionaswa na polisi kwa mama pima. Hao waliitwa walevi. Ya pili ilihusu waheshimiwa waliozozana hotelini usiku wa manane. Hao eti "walikuwa wakiburudika". Akaniuliza, "Prof, kwani hawa wa pili hawakulewa?"

Kisarufi, kitenzi lewa hutupa nomino mlevi, w ikigeuka v mbele ya kiambishi -i. Nomino za aina hii humtaja mtu kwa kazi au mazoea yake. Mpishi ni mpishi hata akiwa amelala. Lakini aliyelewa amebeba -li- ya wakati uliopita: ulikuwa usiku mmoja tu, kesho atalevuka.

Wachoraji nao wana sarufi hii. Mtazame Mwingereza William Hogarth. Mnamo 1733 alitoa mchoro uitwao A Midnight Modern Conversation. Wanaume kumi na mmoja wamezunguka bakuli la panchi, saa ya ukutani yakaribia kumi alfajiri, mmoja ameanguka sakafuni, mwingine anaunguza mkono wa shati lake kwa mshumaa. Ni kejeli, ndiyo, lakini ya kuchekesha. Hakuna anayekufa. Asubuhi watarudi makwao na vyeo vyao.

Sasa ruka hadi 1751, kwenye Gin Lane. Hapa ni mtaa wa maskini wa St Giles, London, na kinywaji ni jini (pombe kali, si jini wa mbuyuni). Mama mwenye vidonda miguuni ameketi kwenye ngazi akichota ugoro, huku mtoto wake akiporomoka kutoka mikononi mwake. Mtu anagombania mfupa na mbwa. Mwingine amejinyonga. Hawa si watu waliolewa. Ni walevi, na ulevi ndio umekuwa jina lao. Bunge lilipitisha sheria ya kubana uuzaji wa jini mwaka huohuo.

Sisemi Hogarth alizua. Jini iliwaumiza sana watu wa London. Ila pamoja na mchoro huo alitoa mwenzake, Beer Street, ambapo watu wanene wanakunywa bia kwa vikombe vikubwa mchana kweupe, na duka pekee linalobomoka ni la rehani. Pombe ni pombe jamani, lakini hii iliitwa afya ya taifa!

Hata hivyo, kuna jambo moja nampa heshima. Kwenye Gin Lane, mbele ya duka la rehani, yuko mtu anayeweka msumeno wake rehani. Kwa hiyo tunajua alikuwa seremala. Mwanamke aliye karibu naye analeta vyungu vya kupikia. Naye alikuwa na jiko lake.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu ile habari ya vijana aisome tena. Haikutaja kazi ya hata mmoja wao.