Hoja Anayoimalizia Msikilizaji

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameshavuka mpaka na kuingia Kagera, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba ile inakumbukwa kwa mambo matatu aliyosema Watanzania wanayo: uwezo wa kumpiga adui, sababu na nia. Wengi husifu ukali wa sauti yake. Mimi nasifu zaidi mpango wa hoja. Uwezo unajibu hofu ya raia anayejiuliza kama tutashinda. Sababu inatuliza dhamiri yake. Nia inamhakikishia kuwa kiongozi hatarudi nyuma.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: tabia yake, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Mgawanyo huo unajulikana sana, ila mara nyingi hufundishwa nusu. Kuhusu tabia, alisisitiza kuwa imani ya hadhira ijengwe na hotuba yenyewe. Vyeo vinavyosomwa na mshereheshaji havitoshi. Watu humwamini anayedhihirisha pale pale kwamba anaijua mada, ni mkweli na anawatakia mema.

Hisia nazo si kupaza sauti. Anayetaka watu wakasirike sharti ajue wamkasirikie nani, na kwa jambo gani.

Lakini dhana ninayoiona tajiri kuliko zote ni enthimema: hoja ambayo msemaji haitamki yote, kwa kuwa sehemu iliyobaki wasikilizaji wanayo tayari. Mwenyekiti wa mtaa akisema mkutanoni, "Mwaka jana mtaro ulipoziba, maji yaliingia mpaka ndani. Wiki hii umeziba tena," hana haja ya kuongeza neno. Kila aliyechota maji sebuleni kwake ameshajua la kufanya, na uamuzi ambao mtu ameufikia mwenyewe ni vigumu kumbandua nao. Waliohamia mtaani mwezi uliopita, hata hivyo, hawana kumbukumbu hiyo. Kwao hoja ile ile ni pungufu, na itabidi waelezwe tangu mwanzo. Ndiyo maana kuwajua unaozungumza nao ni sehemu ya kujenga hoja, tena sehemu ya kwanza. Hotuba iliyonakiliwa kutoka mkutano mmoja kwenda mwingine hukwama hapo.

Nguvu hii ina hatari yake. Mchochezi huitumia vilevile: hutaja kabila fulani, hutaja wizi fulani, kisha hunyamaza. Hadhira inaunganisha, naye kesho anadai kwamba hakusema lolote.

Kwa hiyo unapomsikiliza mgombea jukwaani, sikiliza pia alichokiacha. Jiulize ni sentensi gani amekuachia uimalizie, na kama ungemkubalia aitamke waziwazi mbele ya jirani yako.