Fundi wa Michoro Asiye na Tajiri

Tumezoea kumhesabu mfanyakazi kwa tajiri wake: huyu wa majani ya chai, yule wa hoteli, huyu wa kiwanda cha maziwa. Siku hizi wako wafanyakazi ambao tajiri wao hubadilika kila wiki. Mmoja ni kijana wa Kikongo anayeishi Nakivale, wilaya ya Isingiro, upande wa Base Camp. Kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, kadi za arusi, alama za fulana za timu za mpira na matangazo ya makanisa. Ofisi hana. Ana kompyuta ya mkononi aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, simu, na sola juu ya bati.

Kompyuta hiyo alijifundisha mwenyewe, akiifungua na kuifunga kwa bisibisi mpaka akaijua. Kuchora ndiko hasa kunakomkalia moyoni. Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda waliokimbia kwao, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Bango moja huenda likasomwa na watu wa lugha tano, na wengine wasiosoma kabisa. Kwa hiyo akimchorea kinyozi, mkasi hutangulia, jina hufuata.

Alfajiri hukimbia njia ya vumbi ya kuelekea Juru, mwendo wa saa nzima, kwani kukaa kutwa mbele ya kioo humwumiza mgongo. Majirani humtania kuwa mkimbizi amegeuka mkimbiaji. Si neno geni Uganda hii. John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, naye alikimbilia Kenya mwaka 1979 akawa mkimbizi.

Sasa tuje kwenye jasho lake. Mwenye duka mmoja wa mjini Mbarara alimwagiza michoro, akaipokea kwa simu, akaichapisha, kisha akawa hapokei simu. Nauli ya kwenda kudai ilikuwa inakaribia kula deni lenyewe. Na tangu mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa, hela ya mchoro ndiyo unga wa nyumbani.

Wengi hudhani mkimbizi hana pa kushtaki. Si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mapatano yanayozidi shilingi 500,000 yaandikwe; ya chini ya hapo hata ya mdomo ni mapatano, ila ushahidi ni kazi kuupata. Na tangu mwaka 2011 kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo mtu hujisemea bila wakili. Haya yanamfaa hata fundi cherehani na mpiga rangi.

Kijana huyo sasa hupokea nusu ya malipo kabla ya kuanza, na mchoro wa kwanza huutuma ukiwa na maandishi yamekatiza katikati, asilipe mtu hapati ulio safi. Wateja wawili walichukia wakaondoka. Wengine walilipa.

Linalobaki ni letu. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama akipendacho. Lakini ada yetu hukatwa kwenye mshahara, naye hana mshahara. Na tunapokaa mezani kujadiliana, upande wa pili hukaa tajiri, naye ana matajiri thelathini. Wengine katika kamati wanasema huyo ni mfanyabiashara. Mimi nasema mtu anayeuza mikono yake kwa siku ni kibarua, hata kama mikono hiyo inashika kompyuta. Jambo hili nimeomba liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa tawi ujao. Wenye hoja ya namna ya kukusanya ada waje nayo.