Isome ardhi kabla ya kununua kiwanja Simiyu

Wachina wana elimu ya kale iitwayo feng shui, maana yake upepo na maji. Hufundisha kujenga mahali penye kilima nyuma na maji mbele. Wasukuma nao wana elimu yao ya kusoma ardhi, na mgeni wa kilimo Bariadi afadhali aanze na hiyo.

Kwanza, mteremko. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, yaani udongo wa kichanga. Maji hayatuami, hivyo hufaa nyumba, karanga, mihogo na viazi vitamu. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaofaa pamba, mtama na mpunga. Udongo huo huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Ukinunua kiwanja cha mbugani kwa sababu ni rahisi, nafuu hiyo yaweza kuishia kwenye kuziba nyufa za kuta.

Pili, ngitili. Malisho hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI (1986 hadi 2004) ulihimiza utaratibu huo mkoani Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Mfugaji asiye na akiba ya malisho huuza ng'ombe waliokonda, tena kwa bei ya mnunuzi.

Kabla ya kulipa, kitazame kiwanja wakati wa mvua, chimba shimo uone udongo, kisha waulize wazee maji hupita wapi. Ushauri huo hauna gharama kubwa.